Zana za mwanafunzi wa kompyuta: zipi ni za bure, zipi zingoje kahawa iuzwe

Wiki hii simu ya kwanza katika kipindi chetu cha asubuhi ilitoka kata ya Ruanda, wilayani Mbinga. Aliyepiga alikuwa mzee mmoja, na nyuma yake tulisikia malori ya makaa ya mawe yakipita.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, wanangu. Mimi nina kijana wangu yuko chuo, mwaka wa kwanza, anasomea mambo ya kompyuta. Amekuja likizo. Ananiambia anahitaji kompyuta ya kubeba, na juu yake hela ya programu za kusomea. Kuna fundi amemwambia atamwekea zote kwa laki na nusu. Kahawa yangu bado iko kwenye vichanja. Sasa nianze na lipi?”

Muda wa hewani ulikuwa mfupi, tukamjibu kwa maneno machache. Baada ya hapo ziliingia jumbe za wazazi na wanafunzi wengine, kuanzia Mbinga mjini hadi Lituhi na Mbamba Bay, wakiuliza jambo hilo hilo. Ndiyo maana tumeandika makala hii. Isome taratibu, na kama nyumbani una kijana anayesomea fani hii, mpe simu naye aisome.

Jibu letu kwa ufupi

Hela ya programu, usitoe. Karibu kila zana anayohitaji mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta hutolewa bure na wenyewe walioitengeneza, tena kwa halali. Kinachogharimu ni vitu vitatu: mashine, bando na umeme. Na kabla mashine haijapatikana, kuna kazi kubwa ambayo kijana anaweza kuifanya kwa simu janja aliyonayo mkononi.

Likizo ndefu ya vyuo vyetu vingi inaangukia msimu wa kahawa, kati ya Julai na Oktoba. Mwanafunzi anayekaa miezi hiyo akisema “nasubiri kompyuta” anarudi chuoni akiwa pale pale alipoondoka. Anayeanza na simu anarudi akiwa amepiga hatua.

Zana hizo ni nini hasa?

Fundi seremala ana randa, msumeno, nyundo na futi. Mwandishi wa programu naye ana zana zake, na za msingi ni tano.

Ya kwanza ni mahali pa kuandikia, yaani programu inayompa ukurasa wa kuandika maagizo ya kuipa kompyuta. Ya pili ni lugha yenyewe pamoja na mkalimani wake, anayeyasoma maagizo hayo na kuifanya kompyuta iyatekeleze. Ya tatu ni mtunza kumbukumbu, anayehifadhi kila hatua ya kazi ili isipotee. Ya nne ni hifadhidata, ambayo ni kama daftari kubwa lenye safu na mistari. Ya tano ni mahali pa kujaribia kazi kabla ya kuwapa watu waitumie.

Tutazipitia moja moja, tukianza na simu.

Anza na simu uliyonayo

Kwa simu ya Android kuna programu inaitwa Termux. Ukiifungua unakuta skrini nyeusi yenye mahali pa kuandika amri. Wengi wakiiona mara ya kwanza huogopa, wakadhani simu imeharibika. Haijaharibika. Hapo simu yako inafanya kazi kama kompyuta inayotumia Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo nchini Finland. Linux ndiyo inayoendesha sava nyingi za intaneti duniani, na hata Android yenyewe imejengwa juu yake.

Watengenezaji wa Termux wanashauri uipate kupitia F-Droid, ambayo ni duka la programu huria za simu, bila malipo yoyote. Ukishaiweka, unaandika amri mbili tu:

pkg install python
pkg install git

Ya kwanza inaleta Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Vyuo vingi huitumia kufundishia wanaoanza kwa sababu maandishi yake ni mafupi na yanasomeka. Ya pili inaleta Git, ambayo tutaieleza mbele kidogo. Upakuaji huu unahitaji intaneti, kwa hiyo ufanye siku uko mahali penye mtandao mzuri. Ukishamaliza, kazi inaendelea bila bando kabisa, hata ukiwa shambani.

Hebu tuone mfano. Baba amepeleka kahawa kwenye AMCOS mara tatu: kilo 42, kilo 38.5 na kilo 51. Kijana anataka kujua jumla ya kilo na malipo. Bei tumeiweka ya kufikirika tu, shilingi 4000 kwa kilo, usije ukaenda nayo kwa katibu wa chama:

kilo = [42, 38.5, 51]
bei = 4000
jumla = sum(kilo)
print("Jumla ya kilo:", jumla)
print("Malipo:", jumla * bei)

Mistari mitano. Ukiiendesha, simu inajibu kwamba jumla ni kilo 131.5 na malipo ni 526000.0. Angalia jambo moja: majina kama “kilo”, “bei” na “jumla” tumeyachagua wenyewe, na ni ya Kiswahili. Mkalimani hajali jina ni la lugha gani. Maneno machache ya lugha yenyewe, kama “print” lenye maana ya “onyesha”, ndiyo ya kukariri. Anayesema hawezi programu kwa sababu Kiingereza chake kidogo, ajaribu kwanza mistari hii mitano.

Kuandika kwa vidole kwenye kioo kunachosha, hatukatai. Kama simu inakubali, kibodi ya kompyuta inaweza kuunganishwa kwa kiunganishi kidogo kinachoingia kwenye tundu la kuchajia. Kibodi ni nafuu mno ukilinganisha na kompyuta nzima.

Kazi isipotee: Git

Sisi wenyewe tuliwahi kupoteza kipindi kizima cha nusu saa kwa sababu flashi iligoma kufunguka. Mahojiano, sauti za wakulima, vyote vilikwenda, na hakukuwa na nakala nyingine. Kwa mwanafunzi hali hiyo ni mbaya zaidi, maana anaweza kupoteza mradi wa mwaka wa mwisho.

Git ilitengenezwa mwaka 2005 na huyo huyo Linus Torvalds, ili maelfu ya watu waweze kuijenga Linux pamoja bila kuharibiana kazi. Inafanya hivi: kila unapofika hatua nzuri, unaiambia itunze hali ya kazi yako na uandike sentensi moja ya maelezo, kwa mfano “nimeongeza hesabu ya makato ya chama”. Kesho ukiharibu, unarudi kwenye hatua ya jana. Ni sawa na daftari la chama lenye tarehe kila ukurasa, ambapo hakuna anayechana karatasi ya nyuma.

Git inakaa kwenye simu au kompyuta yako. Nakala ya pili unaiweka mbali, kwenye tovuti kama GitHub, iliyoanza mwaka 2008 na kununuliwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2018. Akaunti ni ya bure, na unaweza kuchagua kazi yako iwe wazi kwa watu wote au iwe ya siri. Kupeleka maandishi ya programu ndogo kunatumia bando kidogo sana, pengine kuliko kutuma picha moja. Simu ikiangukia ziwani pale Liuli, kazi yako ipo.

Kuna faida ya pili. Anayetafuta mtu wa kazi akikuuliza “umefanya nini?”, unamwonyesha ukurasa wako. Humo ataona kazi zenyewe na tarehe zake. Kwa kijana wa huku kwetu asiye na mjomba ofisini, hilo si jambo dogo.

Tahadhari moja: usiweke nywila, namba za siri au taarifa za watu kwenye kazi uliyoiacha wazi.

Daftari lililomo tayari ndani ya simu

Zana ya hifadhidata nayo usiinunue. Kuna moja inaitwa SQLite, iliyotengenezwa mwaka 2000 na Mmarekani Richard Hipp. Imo ndani ya kila simu ya Android, na programu nyingi za simu huitumia kutunzia taarifa zake bila wewe kujua. Python nayo huja nayo, kwa hiyo aliyeweka Python kwenye Termux anaweza kuanza mara moja.

Hapo kijana anaweza kutengeneza daftari la wakulima, lenye jina, kijiji, tarehe, kilo na kiasi alicholipwa. Kisha akauliza: nani amepeleka zaidi ya kilo 100? Kijiji gani kimeongoza mwezi Agosti? Lugha ya kuulizia maswali hayo inaitwa SQL, na ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye mifumo mingi ya benki na hospitali. Aliyeijulia kwenye daftari la kahawa atakuta hifadhidata kubwa zinaulizwa kwa namna hiyo hiyo.

Na wenye simu za kitochi je?

Mvuvi anayeuza usipa pale Mbamba Bay huenda hana simu janja, lakini anapiga nyota na reli kutuma pesa kila siku. Huduma hizo za namba fupi zinaitwa USSD, na zinafanya kazi kwenye simu yoyote bila intaneti.

Kampuni ya Africa's Talking ya Nairobi inawapa wanaojifunza uwanja wa majaribio wa bure. Unaandika programu yako, kisha unaijaribu kwenye simu ya mfano iliyo kwenye skrini, kama vile umepiga namba fupi kweli. Hakuna salio linalokatwa. Kuiweka kwenye mtandao wa kweli ndiko kunakohitaji malipo na vibali, lakini kwa mradi wa chuo majaribio yanatosha. Tunaitaja zana hii makusudi, kwa sababu mwanafunzi akitengeneza vitu vya simu janja pekee, nusu ya majirani zake hapa kijijini anaweza kuwaacha nje.

Siku ya kununua kompyuta

Itafika siku simu haitoshi. Kahawa ikishalipwa na familia ikikubaliana, zingatieni haya.

Angalia kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile wauzaji wanayoiita RAM. GB 8 ndicho kiwango cha kuanzia kwa mwanafunzi wa fani hii. Angalia pia aina ya diski. Ya kisasa inaitwa SSD, na inaifanya hata kompyuta ya mtumba iwe nyepesi kuliko mpya yenye diski ya zamani. Jaribu betri palepale dukani, maana umeme wetu mnaujua. Rangi na wembamba wa mashine visiwadanganye.

Mahali pa kuandikia, wengi sasa hutumia Visual Studio Code, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2015. Ni ya bure na inafaa kwa lugha nyingi. Anayetaka kutengeneza programu za Android atahitaji Android Studio ya Google, nayo ni ya bure, ila ni nzito. Upakuaji wake unakula bando kubwa, na kompyuta dhaifu itakwama nayo. Heri aipakulie chuoni.

Mashine ikiwa ya zamani na inasuasua, kuna mifumo ya Linux kama Linux Mint inayoweza kuwekwa bure badala ya Windows, na ikafufuka. Wanaohitaji kuandika ripoti na kupiga hesabu za jedwali wana LibreOffice, ambayo pia hailipiwi.

Tukirudi kwa yule fundi wa laki na nusu: mara nyingi kinachouzwa namna hiyo ni programu za bure ambazo ungezipata mwenyewe, au programu za kulipia zilizovunjwa kufuli. Hizo za kuvunjwa ni hatari, kwa sababu mara kwa mara huja na virusi vinavyoiba nywila, au vinavyofunga mafaili mpaka ulipe. Fundi akikutengenezea kompyuta iliyoharibika, mlipe jasho lake. Lakini zana za kusomea, zichukueni kwenye tovuti za wenyewe.

Na kuna zawadi ambayo wanafunzi wengi hawaijui. GitHub ina mpango wa wanafunzi ulioanza mwaka 2014. Ukithibitisha kuwa uko chuoni, unapewa bure huduma kadhaa ambazo wengine hulipia. Kitambulisho cha chuo kinafaa kwa uthibitisho huo.

Bando lisikushinde

Programu ya Kiwix inakuwezesha kupakua maktaba nzima kama faili moja na kuisoma bila intaneti, ikiwemo Wikipedia ya Kiswahili. Zimo pia nakala za majibu ya maswali ya waandishi wa programu kutoka Stack Overflow. Kitabu cha maelezo ya Python nacho kinapakuliwa bure kutoka tovuti ya Python. Mmoja akipakua akiwa chuoni, wenzake watano wanaweza kunakili kwa kadi ya kumbukumbu. Kunakili huku ni halali kabisa, maana wenyewe wameruhusu.

Wenye bando la kutosha wanaweza kufuata masomo ya freeCodeCamp, yaliyoanza mwaka 2014 na yasiyolipiwa tangu somo la kwanza hadi cheti.

Siku hizi zipo pia programu za akili mnemba zinazoandika msimbo ukiziomba. Zinasaidia kueleza kosa usilolielewa. Lakini zikikuandikia kila kitu, siku ya mtihani au ya usaili utakuwa peke yako. Na hukosea pia, tena kwa kujiamini. Andika kwanza, kisha uliza.

Kwa nini watu watoe bure?

Mzee mmoja alituuliza hivi: kitu cha bure kina nini ndani yake? Ni swali la haki. Nyingi ya zana hizi ni programu huria, maana yake maandishi yake yako wazi, na yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Kampuni kubwa zinazitumia, hivyo zinagharamia wataalamu wa kuzitunza. Wengine hujitolea, kama watu wanavyoitana kwenye kazi ya ujima, leo kwako kesho kwangu.

Tanzania imo katika ujima huo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu programu ya asili ilikuwa huria.

Kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walizunguka mitaa ya Dar es Salaam katika mradi wa Ramani Huria. Walichora nyumba, mifereji na njia kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea, ili maeneo yanayofurika yajulikane.

Na kilicho karibu zaidi nasi ni zahanati ya kijiji. Vile vitabu vya MTUHA anavyojaza muuguzi, takwimu zake huishia kwenye mfumo unaoitwa DHIS2. Mizizi yake iko Afrika Kusini miaka ya 1990. Leo unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mshirika wake wa miaka mingi. Ni programu huria pia. Kijana wa Ruanda anayejifunza Git na SQL likizo hii anajifunza zana za aina ile ile wanayotumia wanaoujenga mfumo huo.

Wiki ya kwanza ya kuanza

Kwa anayetaka kuanza leo, siku ya kwanza weka Termux, Python na Git. Siku ya pili na ya tatu andika ile mistari mitano ya kahawa, kisha ibadilishe iwe ya mahindi, ya usipa au ya duka la mama. Siku ya nne fungua akaunti ya GitHub na utunze kazi yako humo. Siku ya tano na ya sita jaribu SQLite. Siku ya saba mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani ulichotengeneza, umweleze kwa Kiswahili mpaka aelewe. Ukishindwa kumweleza, bado hujaelewa wewe.

Yule mzee wa Ruanda alitupigia tena jana, kipindi kikiwa kimeisha. Tukamweleza haya yote kwa kirefu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Basi hela ya fundi ibaki ndani. Kompyuta tutaizungumza kahawa ikilipwa. Kwa sasa mchana atachuma na wenzake, jioni atuandikie hizo kilo kwenye simu. Nitazilinganisha na risiti za chama.”

Tukamwambia: mzee, huo ndio mtihani wa kwanza wa kweli wa programu yake.